Jina, Nembo na Kengele: Namna ya Kulipatia Darasa la Nyumbani Utambulisho Wake

Binti yetu wa pili alikuwa na umri wa miaka minane siku alipoulizwa swali lililomshinda sokoni Ngamiani, hapa Tanga. Alikwisha kumwamkia bibi muuza dagaa kwa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha bibi akamuuliza kwa upole, "Na wewe mjukuu wangu, wasoma shule gani?" Mtoto alinitazama, akatazama chini, akajisogeza nyuma ya kanga yangu. Alikuwa anasoma kila siku, tena kwa bidii, lakini hakuwa na neno la kumjibu bibi yule. Usiku ule mimi na baba yake tulikubaliana kwamba darasa letu la nyumbani lilihitaji jina, na jina lilipopatikana likaleta nembo, na nembo ikaleta mambo mengine ninayoyaeleza hapa kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayefundisha watoto wake nyumbani.

Binti huyu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yalimweka kitandani mara nyingi kiasi kwamba alikuwa akirudi shuleni kila mara akiwa nyuma ya wenzake, na kila mara akilia. Nyumbani tuliweza kumfundisha kwa kasi ya mwili wake, na mdogo wake akajiunga naye. Lakini nyumbani kuna tatizo moja ambalo shule haina: mkeka wa kusomea ndio mkeka wa kuchambulia mchele, mwalimu ndiye mama anayepika, na asubuhi haina mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Utambulisho wa darasa hujenga mlango huo. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na ukiikumbuka hutapotea katika maamuzi yote yanayofuata, kwa sababu utajiuliza kila mara kama kitu hiki kinamsaidia mtoto kujua kwamba sasa anaingia darasani, au ni pambo tu la kuwaonyesha wageni.

Kabla ya jina, nenda ofisi ya kata

Elimu ya msingi nchini ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na shule ni taasisi inayosajiliwa. Kwa hiyo mzazi asianze kwa kuchora nembo. Aanze kwa Afisa Elimu Kata, aeleze hali ya mtoto wake, aende na barua ya daktari ikiwa sababu ni afya au barua ya mwajiri ikiwa familia inahamahama, na aulize kinachotakiwa kwake. Sisi tulikwenda tukiwa na hofu, tukapokewa kwa heshima, na ushauri tulioupata pale ulitusaidia kuliko tulivyotarajia.

Mazungumzo hayo yatakuonyesha pia mipaka ya utambulisho wako. Familia haina mamlaka ya kujiita shule mbele ya umma, kuchonga muhuri, wala kutoa vyeti vinavyofanana na vya shule iliyosajiliwa. Mtoto akimaliza kitabu cha hisabati mwandikieni barua ya pongezi, iwekwe sahihi ya wazazi wote wawili, na ibaki kuwa barua ya pongezi. Nembo ya Taifa nayo, ile ya mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu juu ya maneno Uhuru na Umoja, inalindwa na sheria ya mwaka 1971. Msiitie katika mchoro wenu wala msiifanyie marekebisho, hata kama mtoto anaipenda.

Jina

Jina zuri la darasa la nyumbani lina sifa tatu. Mtoto mdogo kuliko wote awe anaweza kuliandika bila kusaidiwa, liwe linatokana na kitu ambacho watoto wanakiona kwa macho yao, na liwe linamtosha mtoto kama jibu anapoulizwa na mtu mzima. Sifa ya tatu ndiyo inayosahaulika. Wazazi wengi huvutwa na majina makubwa yenye neno "akademia" ndani yake, na mtoto hulitamka kwa aibu kwa sababu anajua mwenyewe kwamba nyumbani hakuna akademia.

Ushauri wangu ni kuanza na neno "darasa". Ni neno la kweli, halidai usajili wowote, na kwetu pwani lina heshima ya muda mrefu, kwa kuwa watu wamekuwa wakikaa darasa misikitini na barazani tangu zamani. Baada ya neno hilo tafuteni kitu cha mahali penu. Tulikaa na watoto jioni tatu, kila mmoja na karatasi yake, tukaandika kila kinachoonekana ukisimama mlangoni kwetu: mnazi wa jirani, baiskeli zinazopita, paka, bomba la maji, mti mkubwa wa mkungu uani. Karatasi ya binti ilikuwa na tanga, lile la jahazi, kwa sababu alifurahi kwamba neno la chombo ni neno la mji wetu pia. Mdogo wake alikuwa ameandika neno moja tu, mkungu, kwa kuwa chini yake ndipo wanapookota kungu na kuzigonga kwa jiwe wapate kiini.

Mkungu ulishinda. Ndipo tukapata Darasa la Mkunguni, na kiambishi kile cha mahali, "-ni", kilifanya kazi ambayo sikuitegemea: binti alianza kusema "nakwenda Mkunguni" anapovuka hatua kumi kutoka jikoni hadi uani. Kama mnaweza, chagueni jina ambalo linakubali kugeuzwa mahali kwa namna hiyo. Mtoto huhitaji mahali pa kwenda.

Nembo: jifunzeni kwa kanga

Watu hutafuta michoro ya nembo kwenye intaneti, na hupata ngao za Ulaya zenye simba na tai. Sisi watu wa pwani tuna mwalimu wa usanifu aliyeko kabatini. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Tandikeni kanga sakafuni mbele ya watoto, muwaonyeshe sehemu hizo tatu, kisha muwaambie wachore nembo ya darasa kwa mpango huohuo. Pindo litawapa rangi na umbo la nje, mji utakuwa mchoro mkuu, na jina litakuwa kaulimbiu. Hapo hata mtoto asiyejua kuchora atajua pa kuanzia.

Katika mji wekeni kitu kimoja. Watoto watataka kuweka kitabu, kalamu, jua, mwenge, na samaki pamoja, na kila kimoja kitakuwa na mtetezi wake. Sisi tuliwaachia wachore vyote kwa siku mbili, kisha tukaenda pwani Raskazone jioni maji yalipokupwa, nikampa kila mtoto kijiti, nikasema achore nembo yake mchangani kabla sijamaliza kuhesabu hadi sitini. Kilichoweza kuchorwa kikatambulika ndicho kilichobaki: jani moja la mkungu lililosimama wima, na mshipa wake wa katikati ukawa mlingoti, ili nusu ya jani ionekane kama tanga lililojaa upepo. Binti alipata tanga lake na mdogo wake akapata mkungu wake. Kipimo cha mchanga ni kizuri kuliko kipimo chochote cha kompyuta, kwa sababu mkono wa mtoto ndio utakaoichora nembo hiyo kwenye madaftari kwa miaka mingi.

Rangi zichukueni kwenye kitu chenyewe. Jani la mkungu ni la kijani, na kabla ya kuanguka hugeuka kuwa jekundu, kwa hiyo tukachukua kijani na nyekundu iliyoiva, pamoja na nyeupe ya kitambaa. Rangi tatu zinatosha. Kila rangi ya ziada ni uzi mwingine kwa fundi na kopo lingine la rangi kwa kibao.

Baada ya mchanga, hamishieni mchoro kwenye daftari la hesabu lenye vyumba vya mraba. Chukueni eneo la upana wa vyumba kumi na vinne, ambalo kwa vyumba vya nusu sentimita litakuwa na upana wa sentimita 7, saizi inayokaa vizuri kifuani mwa fulana ya mtoto. Mkitaka kibao cha ukutani, pigeni kwenye plaiwudi mistari ya miraba ya sentimita 4 kila upande, kisha mnakili mchoro chumba kwa chumba. Kila kipimo kitakuwa kimekuzwa mara 8, na nembo ya sentimita 7 itakuwa na upana wa sentimita 56. Somo la uwiano lililokuwa likimpa binti yangu taabu kwa majuma mawili liliisha asubuhi ile akiwa amepiga magoti juu ya ubao na rula. Ubao upigwe msasa, upakwe praima pande zote, na hasa kwenye kingo, kisha rangi ya mafuta, kwa sababu hewa ya chumvi na mvua za masika huanza kuila plaiwudi pembeni.

Kaulimbiu ifuate adabu ya jina la kanga: maneno machache, yanayomwelekea mtu. Msitunge sentensi yenye maneno kama "ubora" na "mafanikio", ambayo mtoto hawezi kuyatumia kumwambia mwenzake. Tafuteni methali au msemo ambao familia inauhitaji hasa. Mdogo ni mtoto wa kukaa kimya asipoelewa, naye ndiye aliyetufanya tuchague "Kuuliza si ujinga". Sasa akinyamaza, dada yake humwonyesha kibao kwa kidole bila kusema neno, naye huuliza.

Mavazi

Sare kamili si lazima. Fulana moja au mfuko wa kitambaa wenye nembo unatosha, ilimradi uvaliwe au ubebwe wakati wa darasa tu, na ukivuliwa darasa liwe limekwisha. Jambo la kuepuka ni kuiga sare za shule za msingi za serikali, shati jeupe na bluu, kwa kuwa mtoto aliyevaa hivyo akionekana mtaani saa nne asubuhi atachukuliwa kuwa mtoro, na mtu mzima anayemjali atakuwa na haki ya kumsimamisha.

Fulana zetu za kwanza zilitutia uchungu. Tulimpa kazi fundi mmoja wa kuchapa, tukamlipa yote kabla, na baada ya kufuliwa mara moja jani likabanduka vipandevipande huku mdogo akishikilia kipande mkononi. Baadaye nilielewa kwamba kitambaa kile hakikuwa pamba, na uchapaji ule haukukifaa. Tangu hapo natoa mashauri mawili: pelekeni kitambaa chenu wenyewe cha pamba kilichokwisha kufuliwa, na ombeni kuona kipande cha majaribio kilichofuliwa kabla ya kulipa chochote zaidi ya malipo ya awali. Njia iliyotufaa mwisho ni kudarizi. Fundi cherehani wa mtaani kwetu aliniambia kwamba mstari wowote mwembamba kuliko milimita 2 utapotea ndani ya uzi, tukapunguza mishipa ya jani kutoka kumi na miwili hadi mitano, na nembo ikapendeza zaidi.

Kwa mwenye fedha kidogo kuna njia rahisi kuliko zote. Nunueni doti moja ya kanga ambayo rangi na maneno yake yanawafaa, upande mmoja utundikwe ukutani wakati wa darasa na kukunjwa linapokwisha, na upande wa pili ushonwe mifuko ya madaftari. Kwa doti moja familia imepata bendera, kaulimbiu na sare.

Kengele, mihula na wimbo

Shule nyingi nchini hugonga ringi ya gari iliyotundikwa mtini, na mlio wake humtoa mtoto kwenye mchezo hata akiwa mbali. Ndani ya nyumba ringi itawasumbua majirani. Tanga ni mji wa baiskeli, nasi tulifunga kengele ya baiskeli kwenye mwimo wa mlango wa uani. Hulia mara tatu kuanza darasa, mara moja kubadili somo, na mara mbili kumaliza. Anayeipiga ni kiranja wa juma, na watoto hupokezana. Kwa kuwa mwenye selimundu anatakiwa kunywa maji mara kwa mara, tuliweka kanuni kwamba kila kengele inapolia kila mtu, pamoja na mwalimu, anakunywa maji kabla ya kufungua kitabu. Sijawahi kumkumbusha binti yangu kunywa maji tangu kanuni hiyo ianze.

Kuhusu kalenda, fuateni mihula ya shule za serikali, kuanzia Januari, ili watoto wapumzike wakati binamu zao wanapopumzika na ili mtoto akirudi shuleni asijikute katikati ya mwaka wa wengine. Majina ya mihula lakini ni yenu. Kwetu muhula wa kwanza huitwa Kaskazi, kwa sababu huanza upepo huo ukivuma, na wa pili huitwa Kusi, kwa sababu mwezi Julai kusi imekwisha kushika bahari. Siku ya kwanza ya kila muhula tunakwenda kuangalia matanga ya ngalawa yameelekea wapi, na hilo ndilo somo la kwanza la jiografia.

Wimbo wa darasa utungeni wenyewe, na msiogope. Karibu na mji huu ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, huko Vibambani, na shairi la tarbia linaweza kufundishwa kwa vidole: mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani, yaani silabi, minane. Ubeti wetu tuliutunga kwa siku nne, mtoto akihesabu mizani kwa kugonga sakafu.

Mkunguni twakutana, kivulini mwa mkungu,
Asubuhi na mchana, kwa idhini yake Mungu,
Twauliza tukiona, neno gumu na kifungu,
Kuuliza si ujinga, elimu ni mali yangu.

Daftari na kitambulisho

Hapa nawaomba wazazi wawe makini, kwa sababu sehemu hii haina rangi wala haipendezi machoni, lakini ndiyo itakayomfaa mtoto baadaye. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, mchore nembo juu yake, na mulifanye daftari la mahudhurio. Kila siku andikeni tarehe, nani alisoma, nini kilisomwa, na kama mtoto alikuwa mgonjwa andikeni hivyo bila kuficha. Kila mtoto awe na faili lake, na mwisho wa mwezi muweke kazi tatu: moja iliyofaulu, moja yenye makosa, na moja aliyoichagua mwenyewe. Masomo yafuate mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo pia ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, ili mwalimu mkuu atakayempokea mtoto siku moja aweze kulinganisha kilichosomwa na kile anachokifahamu.

Kwa watoto wakubwa, ulizeni mapema kuhusu njia ya mtahiniwa wa kujitegemea katika Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa asiyepitia sekondari kwa mfumo wa kawaida upo Mtihani wa Maarifa, ambao hutangulia ule wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, ina elimu ya sekondari kwa njia huria na masafa. Usajili wa mitihani una muda wake maalumu, na usipozingatiwa, mtoto hungoja mwaka mzima.

Kitambulisho kinaweza kutengenezwa katika duka lolote la steshenari kwa picha ndogo, karatasi ngumu na laminesheni. Mbele kuwe na nembo, jina la mtoto, maneno "Darasa la nyumbani" na mwaka, na nyuma kuwe na namba ya simu ya mzazi. Kwa mtoto mwenye maradhi kama ya binti yangu, nashauri nyuma iandikwe pia hali yake na jambo la kwanza la kufanya akizidiwa. Mwelezeni mtoto wazi kwamba kadi hii haimpi nauli ya mwanafunzi kwenye daladala na kwamba hataitoa kwa konda. Wangu aliuliza kwa nini, tukazungumza jioni nzima juu ya tofauti kati ya kujitambulisha na kujidai.

Fulana huwa ndogo haraka kuliko mnavyodhani. Ya dada ilihamia kwa mdogo wake mwaka jana, ikabidi fundi afumue mshono wa bega na kuongeza kipande cha kijani. Kibao nacho hupakwa upya kila Januari, siku moja kabla ya muhula wa Kaskazi kuanza. Mwaka huu mdogo ndiye aliyeshika brashi. Aliongeza kungu moja ndogo chini ya jani, bila kuomba ruhusa, na tumeiacha. Fundi amekwisha kuambiwa kwamba fulana zijazo zitakuwa na kungu.